Guarda ya Kocha Nyagaka

Wasikilizaji wapendwa, nchi nzima na isimame! Leo tunamkumbuka shujaa wa ndondi, Kocha Nyagaka.

Kwa kweli hii ni redio ya shule, na sauti yake huishia kwenye nyumba za wachuma chai hapo chini. Waliosimama ni wapishi wawili, na ni kwa sababu hawana viti.

Mimi ni Weldon wa kidato cha tatu. Kocha Nyagaka alituacha mwezi uliopita. Mchana alichuma majani chai. Jioni alitufundisha ndondi katika ukumbi wetu.

Alianza na namna ya kusimama. Mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, ngumi kidevuni. Aliiita guarda. Ni neno la Kireno alilopewa na padri Mbrazili aliyewahi kukaa Sosiot. Maana yake ni ulinzi.

"Ngumi inapita," alisema. "Guarda inabaki. Inua mkono, Weldon! Hicho kidevu umekiandalia wageni?"

Hakutuambia kushoto wala kulia. Alisimama mbele yetu, tukamwiga kama mtu na kioo.

Wasikilizaji wapendwa, tulimzika, lakini hajaondoka. Ukungu ukishuka kwenye chai, mtu husimama kwenye dirisha la ukumbi. Koti jekundu la kocha. Guarda ya kocha. Hasogei. Nimemwona, na nilitangaza hapa hapa. Sasa kidato cha kwanza huenda chooni wote pamoja, kama kwaya.

Niko na mjane wake, Mama Janefer. Nyumba ya kampuni ya chai inarudishwa leo. Binti yake Janefer amekuja na pikapu kutoka Londiani kumchukua. Vitanda vimepakiwa. Mama amekataa kupanda.

"Nitaendaje na yeye bado yuko?" anasema. "Kila jioni namwachia mlango wazi. Akija akute kufuli?"

Pole sana, mama. Poleni familia yote. Nasi wasikilizaji tutafakari: aliyekulinda akiondoka, wewe unamlinda nani?

"Ngoja, mwanangu. Ulimwona vizuri?"

"Kama ninavyokuona, mama."

"Alitanguliza mguu gani?"

"Wa kushoto. Vile alivyotufundisha."

"Wa kushoto?"

"Kabisa, mama."

"Mume wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Akifanya mazoezi uani, mimi nilikuwa nyuma yake nikiosha vyombo. Kwa hiyo alitanguliza mguu wa kulia. Ninyi mlikuwa mnamtazama usoni, mkageuza." Ananitazama. "Wanaotanguliza wa kushoto ni ninyi wanafunzi wake. Koti lake liko na nani?"

Wasikilizaji wapendwa...

Wasikilizaji, samahani kidogo.

Mama, koti lilibaki kwenye sanduku la glavu. Nilitaka tu kuwatisha kidato cha kwanza. Sikujua wewe unaacha mlango wazi. Dirishani hakuna mtu, mama. Nilikuwa mimi. Tafadhali, panda gari.