Mnazi Usio na Mwenyewe

Mimi ndiye Bi Mastura, muuza kahawa wa Palma, kaskazini ya Msumbiji, na kabla hamjanihukumu niacheni niseme. Kijiwe changu kina mabenchi mawili ya mbao za mashua iliyokufa, meza moja, birika moja, na wanaume watatu ambao wake zao wamechoka kuwasikiliza. Wanakuja wakitoka swala ya alfajiri, wanaondoka jua likishawachoma visogo. Wa kwanza Hamido, tunamwita Enjinyero, yaani injinia, kwa sababu aliwahi kuwabebea wapimaji wa gesi vijiti vyao kwa wiki mbili, na tangu siku hiyo hajashika jembe. Wa pili Suleimane, yaani Redio, mtangaza habari kabla hazijatokea. Wa tatu Khamis, mtu wa Mtwara aliyeoa hapa, anavuka Ruvuma kila mwezi kufuata vitenge. Huyo ni Ng'ambo. Juu ya meza nimetundika kibao cha KAHAWA NA VITUMBUA. Aliniandikia Sumaia, binti wa Buanali fundi mashua, kwa rangi iliyobaki kwenye kazi ya baba yake, na hakutaka malipo.

Jumatatu ile mazungumzo yalianza kwa huyo huyo Sumaia. Miguu yake haimbebi tangu utotoni. Mpaka darasa la saba baba yake alimpeleka shule mgongoni, kwenda na kurudi, mvua na jua. Mwaka jana mgongo wa Buanali ukateguka akigeuza mashua, basi mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima, anasoma karatasi ninazofungia vitumbua. Alipewa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, lakini mchanga wetu hauna huruma. Ilizama hatua kumi tu kutoka mlangoni kwao.

Mwaka huu sekondari kaja mkuu mpya, Direktora Nazira, mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu. Kaenda mpaka uani kwa Buanali, kakaa kwenye mkeka, kasema nafasi ya Sumaia ya darasa la nane, la kwanza la sekondari, ipo. Ila orodha inafungwa Jumatatu. Kengele ya saa moja ikilia hajaingia getini, jina linakatwa na nafasi anapewa mwingine.

Na Jumatatu yenyewe ndiyo hiyo, kumeshakucha, kahawa iko motoni.

Enjinyero alisema haendi popote mtoto yule. Redio akasema yeye alishasikia kwamba ameshafika shuleni tangu jana. Nikamuuliza jana Jumapili alikwenda kufanya nini, akaniomba nimwongezee tangawizi.

Sasa nieleze habari ya mistari ya chokaa, maana bila hiyo hamtanielewa. Alhamisi iliyopita mwalimu Narciso na wanafunzi wake walipita na kamba na chokaa, wakachora mistari miwili kutoka kwa Buanali, ikapita mbele ya meza yangu, ikazunguka kona ya msikiti mpaka shuleni. Na nyinyi mnaijua Palma ya siku hizi. Tangu waseme gesi imeonekana huko baharini, mtu akishika kamba ya kupimia mji haulali. Kamba ni fidia, na anayelipwa ni mwenye mnazi, mchanga haumlipi mtu. Jioni ile ile watu wakachomeka miche ya minazi katikati ya chokaa, huyu hapa, yule pale. Redio alichomeka mitatu kwenye kona ya msikiti. Enjinyero mmoja, Ng'ambo mmoja. Na ule wa mbele ya meza yangu, hatua mbili kutoka benchi, ni wangu. Nimesema niacheni niseme, ndiyo nasema.

Kwetu mnazi wa mtu haung'olewi. Hata ukiwa katikati ya ua wako, kama aliupanda mwingine ni wake, na utamwendea kwa adabu umwombe. Basi Jumamosi wanafunzi walipokuja na magunia ya makumbi ya nazi, wakayatandaza juu ya mchanga kati ya ile mistari na kuyashindilia kwa miguu huku wanaimba, kila walipofika kwenye mche waliuacha umesimama katikati ya njia. Mwalimu Narciso akapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenyewe. Mimi aliniambia wazi kabisa: hii ni njia ya Sumaia. Sumaia mwenyewe ndiye aliyeulizwa na direktora ipite wapi, maana yeye ndiye ajuaye mchanga unazama wapi. Nikamjibu kwamba mwenye mnazi huu yuko Mute, shambani. Uongo mtupu, na juu yake nikamuuzia kahawa.

Tulipoizungumza habari hiyo kijiweni, hakuna aliyeiamini.

— Narciso ni mtu wa kutumwa tu, alisema Enjinyero asubuhi hiyo. Njia nzima, makumbi ya mji mzima, kwa ajili ya mtoto mmoja? Nani kafanya hivyo hapa? Sumaia ni kawa. Chakula chenyewe kilichofunikwa ni bomba la gesi.

Akatoa ushahidi. Yeye kwa macho yake alimwona seremala Custódio akipanua mlango wa darasa, ukawa mpana kama wa ghala. Halafu pale penye ngazi tatu wamemwaga saruji, pamekuwa mteremko. Mtoto wa shule anahitaji mteremko wa nini? Hiyo ni njia ya kuingizia mitambo. Shule itakuwa ofisi ya gesi, na watoto wetu watasoma uwanjani.

Ng'ambo akauliza mbona bomba la matajiri lianzie kwa Buanali, ambaye hata paa lake limeezuliwa nusu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajibu Enjinyero. Nyumba ya Buanali iko bondeni.

Wote wakatikisa vichwa, kana kwamba amejibu.

Redio akaweka kikombe chini. Alisema bomba ni mawazo ya watu waliolala. Gesi iko chini ya shule yenyewe, na direktora anajua. Kwa nini mlango upanuliwe? Watoto watoke haraka itakaporipuka. Kwa nini darasa la nane limehamishwa kutoka nyuma likaletwa karibu na geti? Wakimbie. Na amewaamuru walimu wote wasiongee wakiwa wameupa uso ubao. Wageuke, wawatazame wanafunzi, wafumbue midomo, na waandike kwa herufi kubwa. Nikasema hilo nalijua, kuna kijana kutoka Pundanhar masikio yake ni mazito, anafuata midomo. Redio akanicheka.

— Bi Mastura, huyo ni wa mazoezi. Gesi ikiripuka mji mzima masikio yataziba. Direktora anawafundisha mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Enjinyero akasema ufa na masikio wapi na wapi. Redio akasema vyote vinazibwa. Hapo nikamimina duru ya pili, maana upumbavu nao unakausha koo.

Zamu ikawa ya Ng'ambo, na mtu wa ng'ambo akichelewa kusema ujue anapika jambo. Akasema yeye kwao Mtwara wameanza kusikia gesi kabla yetu, kwa hiyo ana uzoefu. Tuangalie vizuri, alisema. Miteremko ya nini? Ya magurudumu. Makumbi ya nini? Kitu kizito kiteleze. Mlango mpana wa nini? Kamba ipite. Shule nzima, na mabati yake, itaburutwa kupelekwa Pundanhar, na hapa pabaki pa wazungu.

— Na ile barabara ya Pundanhar, gari tu linakwama, nikamwambia.

— Mwenda pole hajikwai. Ndiyo maana wameanza na hatua hizi chache mpaka kwa Buanali. Wanajaribu.

Nawaambia ukweli, kwa kitambo wote walifikiri jambo lile, wakiiona shule ikipita kijiji cha Nhica taratibu na wanafunzi wakichungulia madirishani. Na mimi nilifikiri. Mtu ataamini shule inatembea, lakini kwamba mwanamke mmoja amesimamisha masomo Jumamosi ili mtoto mmoja apate pa kupita, hilo halimwingii.

Nikawauliza kwa nini hawaendi kumuuliza direktora mwenyewe, shule si mbali. Wakanitazama kama nimevunja kikombe. Kijiweni kwangu anayeuliza ni yule asiyejua, na hakuna aliyekubali kuwa huyo.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Redio akijinyoosha. Mimi langu liko kona ya msikiti, miche mitatu. Iwe bomba, iwe shule kuburutwa, nitakuwepo.

Tukasikia makumbi yanalia. Krr, krr, krr, taratibu. Tukageuka.

Alikuwa Sumaia. Peke yake, sare imepigwa pasi, mkoba wa daftari shingoni, mikono inazungusha. Nyuma kabisa, mlangoni kwao, Buanali kasimama kajifunga kitenge kiunoni kukaza mgongo, hakumfuata hata hatua moja. Majirani zao walikuwa wamekwisha kung'oa miche yao tangu Jumapili, sijui waliona haya au waliogopa Mungu. Magurudumu hayakuzama. Enjinyero alibaki na kikombe hewani, midomo imekaa tayari kunywa.

Akaja mpaka mbele ya meza yangu. Gurudumu la mbele likagusa mche wangu, akasimama. Kuupita pembeni hawezi, kulia mchanga, kushoto mchanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukaitika wote.

— Mnazi huu ni wa nani? Nataka kuomba ruhusa nipite.

Swali lenyewe ndilo hilo. Asubuhi nzima wametatua bomba, wametatua mripuko, wameiburuta shule mpaka Pundanhar. Enjinyero akachungulia ndani ya kikombe. Redio, ambaye ana habari za kila mtu, hakuwa na hii. Ng'ambo akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mgeni. Walijua mnazi ni wa nani, waliniona ninaupanda. Lakini wakinitaja mimi nitawataja wao.

Huko shuleni wakagonga kengele ya kwanza, ile ya kujipanga. Bado ile ya saa moja.

Sumaia akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

— Bi Mastura, mwalimu Narciso aliniambia mwenyewe yuko Mute. Amesharudi?

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Maneno mawili tu, ni wangu, ng'oa. Lakini nilishaongopa mbele ya mwalimu, na hawa watatu wananitazama, na kile kibao cha mkono wake kinaning'inia juu ya kichwa changu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

— Sijui, mwanangu, nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akautazama mche.

— Basi mwenyewe hayupo. Asiyekuwepo hawezi kuninyima.

Akashika chuma cha baiskeli kwa mkono mmoja, akainama, akaukamata mche shingoni na kuuvuta. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, mimi wala wao, tulikaa kama tumefungwa. Mara ya kwanza haukutoka. Mara ya pili ukatoka na nazi yake na mizizi yake, mchanga ukamwagika kwenye sare iliyopigwa pasi. Akaupakata juu ya daftari.

— Nitaupanda shuleni, karibu na mlango wetu. Akirudi kutoka Mute, mwambie aje autambue.

Akazungusha. Krr, krr, akaenda zake.

Redio ndiye aliyeamka wa kwanza. Aliacha kahawa nusu, akapita nyuma ya nyumba mbio, kwa umri ule, kanzu kaishika mkononi, kwa sababu kona ya msikiti iko mbele na huko nako angeulizwa. Enjinyero akafuata. Ng'ambo akasema kakumbuka jambo. Nilipopanda juu ya benchi niliwaona wote watatu wameinama kwenye njia, kila mtu anang'oa wake, hawasemezani, na mtoto anawakaribia taratibu. Walipomwona karibu wakasimama kando na miche mikononi, kama watu wanaosubiri kupita kwa wakubwa. Akawaamkia tena, akapita.

Kengele ya pili ilipogongwa magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yanaingia getini. Direktora Nazira alikuwa amesimama pale na orodha. Hakupiga makofi wala hakumsukuma. Alisogea tu pembeni.

Nikashuka. Birika lilikuwa limebakia machicha, na mbele ya meza pamebakia shimo. Nikaenda nyumbani, nikachukua makumbi yangu ya kuwashia moto, nikalijaza lile shimo, nikakanyaga mpaka pakakaza. Maana saa sita angerudi kwa njia ile ile, na nilijua ataniuliza kama mwenyewe amesharudi.