Sista Zipporah Musyoka na Wanafunzi wa Moyo

Tarehe 29 Desemba 1989, Sista Zipporah Musyoka atastaafu uuguzi baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Malindi kwa miaka ishirini na sita. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu chumba changu, chenye mashine ya kuchora mapigo ya moyo, kimepakana na kliniki yake, na ukuta ulio baina yetu ni wa mbao. Sauti yake naijua kuliko ya mke wangu.

Alikuja kutoka Kangundo akiwa msichana, na Kiswahili chake cha bara. Wiki ya kwanza bibi mmoja wa Mambrui alimwambia, "Mwanangu, moyo wanipapa," yaani unamwenda mbio. Zipporah alikimbilia bandeji huku akiuliza papa amemuuma wapi. Bibi yule alicheka hata mapigo yakatulia yenyewe. Siku hizi ni Sista huyo huyo anayewafundisha madaktari wageni maneno ya mwambao.

Alipokabidhiwa kliniki ya moyo alikuta wengi wa wagonjwa wake ni watoto. Koo huuma, hakuna anayelitibu. Baadaye huja homa na viungo kuvimba. Miaka ikipita, vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, zinakakamaa. Sista hakutaka kuwangoja waletwe wakiwa hoi. Mwaka 1982 alishirikiana na chuo kikuu kuanzisha mafunzo ya likizo ndefu. Kila Julai wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza huja kukaa nasi, wakazunguka shuleni kupima watoto na kujifunza utafiti wa maradhi ya moyo. Nafasi hizo hugombewa sana, na waliozipata hawasahau ukali wake wala chapati zake.

Mwaka wa 1985 mafunzo hayo yalikuwa karibu kufa, na mtu pamoja nayo.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka ule alikuwamo Kahindi Kombe, kijana wa Matsangoni, mwaka wa pili wa udaktari. Desturi yetu ilikuwa kwamba kabla ya kwenda shuleni, wanafunzi husikilizana vifua wao kwa wao. Kahindi alikataa kuvua shati. Alisema ana mafua, asije akawaambukiza wenzake. Sista alimtazama, akaendelea na wengine.

Siku ya Jumatatu tulikwenda shule moja ya Gede. Kahindi alinisaidia kubeba mashine kutoka garini. Hatukufika mlangoni. Aliiweka chini, akashika nguzo ya baraza, akawa anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupiga mbizi. Watoto walipokwisha kutoka darasani, Sista alimwingiza ndani, akafunga mlango.

"Kahindi, kaa hapo. Vua shati."

"Ni joto tu, Sista."

"Joto nalijua. Vua."

Alimsikiliza kwa muda mrefu, akamlaza ubavu, akamsikiliza tena. Alipotoa stethoskopu masikioni uso wake ulikuwa umebadilika. Kahindi hakumngoja aseme.

"Najua, Sista. Nilipokuwa mdogo nililala kitandani msimu mzima wa mvua, magoti yamevimba. Nyumbani walisema ni baridi. Nimekuja huku nijue nina nini bila ya kumuuliza mtu."

"Na sasa umejua."

"Ukisema, chuo kitanifukuza. Nani atataka daktari asiyeweza kupanda ngazi? Baba ameuza ng'ombe wake wote kwa ajili yangu."

Mhadhiri wao, Dakta Dedan, alitarajiwa kuja Alhamisi kukagua kazi. Sista alimwambia kijana asibebe kitu tena, apumzike, na Alhamisi aseme mwenyewe. "Usiposema wewe, nitasema mimi," alimwambia.

Jumatano asubuhi kitanda cha Kahindi kilikuwa kitupu na mkoba haupo. Sista hakumwita mtu. Alichukua sindano, dawa na mtungi mdogo wa oksijeni, akaniambia, "Abdillahi, twende Matsangoni." Nilipunguza mwendo kwenye mashimo, akanikemea, nikaongeza, akanikemea tena.

Tulimkuta Mzee Kombe, baba yake, uani. Alitusalimu kwa heshima zote, kisha akasema mwanawe amelala, amechoka na safari, tuje siku nyingine. Ndipo tuliposikia kikohozi nyuma ya nyumba. Sista alimpita mzee bila ya kuomba ruhusa.

Kahindi alikuwa ameketi ameegemea ukuta, midomo imepauka, povu jekundu kwenye leso. Alitaka kusema neno, pumzi haikumtosha. Sista alipiga magoti, akamdunga sindano ya kutoa maji mapafuni, akamtia oksijeni. Tulimbeba kwa kiti hadi garini. Mzee Kombe alitandika shuka kiti cha nyuma ili mwanawe alazwe.

"Asilazwe," Sista alisema. "Miguu chini, mgongo wima."

"Mwanangu hana nguvu! Mwache alale!"

"Mzee, mapafu yake yamejaa maji. Ukimlaza atazama mbele ya macho yako. Ingia upande ule, umshike."

Mzee aliingia, akamkumbatia mwanawe kwa nyuma, akamshikilia wima mpaka Malindi. Nilisikia pumzi za kijana zikikwaruza, na Sista akimwambia, "Vuta, mwanangu. Nyingine. Nyingine tena." Tulipopita Gede sauti ya pumzi ilikatika kidogo, na mzee akaanza kumwita kwa jina. Sikuthubutu kugeuka. Kisha Kahindi akakohoa, na katika maisha yangu sijapata kufurahia kikohozi kama kile.

Dakta Dedan alipofika Alhamisi alimkuta mwanafunzi wake wodini. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema mafunzo yafungwe, kwani mwanafunzi nusura afe mikononi mwetu, na kijana aondolewe chuoni. Ukuta wa mbao ulinifikishia yote.

"Kosa la kumpa siku tatu ni langu," Sista alijibu. "Niandikie mimi barua, nitaipokea. Lakini mmekuja kutafuta mioyo migonjwa, mmeupata mmoja miongoni mwenu wenyewe, sasa mwataka kukimbia? Na huyu kijana alijificha kwa sababu alijua mtamfanya hivi hivi."

Kisha nilisikia kiti kikivutwa, na Dakta akauliza ni nani Nairobi anayeweza kuipanua vali ya kijana iliyokakamaa.

Kahindi alipasuliwa Nairobi mwaka uliofuata. Alipoteza mwaka wa masomo, akarudi darasani, na sasa yumo mwaka wa mwisho. Tangu wakati huo kila mwanafunzi wa likizo hupimwa na daktari kwanza, na anayekutwa na tatizo hutibiwa na kubaki na nafasi yake. Sheria hiyo aliiandika Sista. Watoto waliogunduliwa shuleni huja kila mwezi kuchomwa penisilini. Humwogopa, humkimbia, na mwezi ukiisha humfuata wenyewe.

Sista, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante. Nenda kwa amani, Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha pamoja na wanao na wajukuu. Wagonjwa wangapi umewaamuru wakae, wapumzike, wasibebe kitu kizito! Safari hii amri hiyo ni yako. Tafadhali itii.

Abdillahi Lali
Chumba cha Mashine ya Moyo