Ua Wake, Siyo Ua Lake

Mbele ya duka la Husseinali, pale Kinondoni, palikuwa na benchi lenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa mfuko wa saruji ulioganda kwa unyevu kabla haujapata mnunuzi. Husseinali, mtu asiyetupa kitu, aliusukuma chini ya benchi akasema haya, na wewe umepata kazi. Hicho ndicho kijiwe chenyewe. Ukikaa pale asubuhi ulipata kahawa ya Mzee Sharubu kwenye vikombe visivyo na mkono, ulipata habari za mji mzima, za kweli na za kupikwa, na hukuondoka bila kushauriwa jambo usiloliuliza. Masika ya mwaka wa hamsini na tatu, siku tisa mfululizo, jambo lilikuwa moja tu, nalo ni ua wa Hashil.

Hashil alikuwa muuza nguo, mpole, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuelewa. Kiangazi kile alihama mtaa wa Gerezani na mkewe, Wahiba, akajenga nyumba yake mwenyewe Kinondoni. Nyumba nzuri, ina baraza mbele, ina vyumba vinne, lakini nyuma hamna kitu. Pa wazi. Mtu akipita njia ya Tandale aliona mpaka sufuria ya mchuzi. Basi siku moja Wahiba alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia:

— Hashil, tangu tuje huku sijaona hata ua.

Hashil akamjibu kwa moyo mweupe:

— Subiri kidogo, mama. Utaona ua mpaka uchoke. Nitautia na mlango, na komeo juu.

Wahiba alimtazama muda mrefu. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwa mama yake, Bi Bahiya, Kunduchi. Hakugombana, hakutukana, na sanduku lake aliliacha. Hashil akaona basi, mtu kachoka kusubiri, ana haki yake. Mwanamke gani atapika mbele ya njia?

Akajenga ua wa makuti. Mvua ya Jumanne ikaja na upepo wake, ua ukaondoka mzimamzima kama mkeka uliokunjwa, na makuti yake yakaonekana Tandale yakiwa yameezekwa juu ya banda la kuku la mtu. Kabla hajapumua, akaja Revelian. Revelian alikuwa mtu wa Bukoba, dereva wa lori la chokaa linalokwenda na kurudi Kunduchi, kijana mwema kabisa ila kwa Kiswahili chake. Kwake kila kitu kilikuwa "la". Kofia langu, chai langu, njaa langu. Kijiwe kizima kilijipa kazi ya kumnyoosha.

— Shemeji Wahiba ananituma, alisema Revelian siku ile. Amesema hatarudi Kinondoni mpaka apate ua lake.

— Ua wake, akasema Futi Sita, mmoja wa wakaa benchi.

— Ndiyo, ua lake.

— Siyo lake, wewe. Wake. Ua wake.

Wakacheka mpaka Mzee Sharubu akamwaga kahawa. Hata Hashil alicheka, maana alikuwa amesikia neno moja tu, kwamba kumbe kurudi kupo. Jioni ile ile akaanza ua wa pili, wa madebe ya mafuta ya taa yaliyopigwa nyundo yakalala. Huo ulisimama siku nane. Siku ya nane, alasiri, upepo ukausukuma mara moja tu, nguzo zikakatika usawa wa ardhi. Kuzitazama, ndani zilikuwa unga mtupu. Mchwa walianza chini, unyevu ukamalizia.

Sasa leo ni Alhamisi, siku ya tisa, na lori la Revelian limesimama ng'ambo ya njia. Revelian mwenyewe hakukaa. Alisimama akikunjakunja kofia yake.

— Kaka Hashil, mie mjumbe tu. Bi Bahiya ameniambia hivi. Ukifika Kinondoni, kama ua hamna, pakia sanduku.

— Pakia sanduku? akauliza Hashil.

— La shemeji. Nirudi nalo leo hii.

Hashil akakiweka kikombe chini. Mwanamke akiondoka na kanga, huo ni mgomo. Akitumia watu kuchukua sanduku, hapo ni mwisho, na kila mtu benchini alilijua hilo.

— Hebu tulia, Revelian, alisema Futi Sita. Lori linaondoka saa ngapi?

— Saa saba.

— Basi muda upo. Kaa.

Huyu Futi Sita jina lake hasa lilikuwa Marselino. Aliwahi kushika ule mti wa kupimia wa Mzungu wa ramani kwa miezi miwili, na tangu hapo kila kitu duniani kwake kikawa futi sita. Kaburi, kitanda, hata samaki.

— Kosa lako, Hashil, ni kimo. Ua wako ulikuwa futi tano. Upepo wa huku unapita futi tano unusu. Mie nimeupima.

— Umeupima na nini? akauliza Husseinali kutoka mlangoni mwa duka.

— Na kifua changu. Nilisimama.

— Kosa siyo kimo, ni mali aliyotumia, alisema Husseinali. Mie nilimwambia, chukua bati. Bati jipya, kubwa, la migongo. Yeye akaenda kuokota madebe.

— Bati linashika kutu, Bwana Husseinali, alisema Hashil. Chumvi ya bahari hii, mvua hii. Miaka miwili limekuwa kama chujio.

— Chujio zuri. Upepo utapita.

— Na macho je?

Husseinali akaagiza kahawa.

— Kwetu Bukoba, alisema Revelian, hatuna haja ya ua. Tunapanda migomba. Nyumba linakaa katikati, hulioni.

— Nyumba inakaa, huioni, akamnyoosha Futi Sita.

— Ndiyo, hulioni.

— Na mgomba unakua kwa muda gani? akauliza Hashil. Kwa hesabu yangu nina mpaka saa saba.

Futi Sita alikuwa amesimama. Futi Sita akisimama, ujue kichwa kimeshika moto.

— Sikilizeni. Ua unaangushwa kwa sababu unabisha. Upepo unakuja, ua wenyewe umesimama. Sasa mie namwekea Hashil ua wa bawaba. Kila kipande kina bawaba chini. Wingu likionekana, Hashil anatoka, anaulaza. Mvua ikiisha, anausimamisha.

— Na mvua ikija Hashil yuko dukani? akauliza Husseinali.

— Mkewe aulaze.

— Mkewe yuko Kunduchi kwa sababu ya huo ua.

— Basi, ufungwe kamba kwenye nyumba, alisema Mzee Sharubu akipanga vikombe. Ua hauendi popote mpaka uende na nyumba.

— Hapo umesema, akasema Futi Sita. Nyumba ni nzito.

— Ya Hashil ina paa la makuti, alisema Husseinali. Upepo ukivuta ua, ua ukivuta paa, mnajua kitakachotokea. Wahiba atarudi akute sakafu.

Walicheka. Hashil alicheka nao, lakini macho yalikuwa kwenye lori. Alikuwa anamkumbuka Wahiba vibaya sana. Siyo chakula, chakula alipikiwa na jirani. Alikuwa anakumbuka sauti yake akiita kutoka chumbani kuuliza kitu ambacho jibu lake analijua, ili tu asikie kama mume yumo.

— Mie nina shauri la mwisho, alisema Futi Sita, na hili halina gharama. Usijenge ua kabisa.

— Tena?

— Nenda kwa jirani wa kulia, mwambie kwamba wezi wamezidi. Atajenga ua. Nenda kwa wa kushoto, mwambie wa kulia amejenga, yeye ameshindwa nini? Atajenga. Wa nyuma usimwambie chochote, ataona wivu mwenyewe. Hapo una ua pande tatu na hujachimba hata shimo. Wewe unabaki na mlango tu, futi sita.

Lilikuwa shauri la wazimu, lakini Husseinali alionekana analikadiria. Ndipo akatokea mtu mfupi, mwenye gunia begani na panga limefungwa kwa kamba, anatembea kama mtu asiyepungukiwa na muda.

— Asalaam aleikum. Mie Mwinshehe, fundi, natoka Mabibo. Nani ameniita?

— Waaleikum salaam. Ni mie, Hashil. Karibu, fundi. Nilikuita jana.

Revelian akampa shikamoo, akaitikiwa. Fundi hakukaa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaonekana anakanyaga udongo kwa kisigino, anainama, anaivunja nguzo moja kwa vidole viwili. Alirudi anapangusa mikono.

— Ardhi hii inashika maji na ina mchwa, alisema. Nguzo ziwe za mkoko. Chini tunaziunguza mpaka ziwe nyeusi, halafu tunazipaka lami. Shimo liende dhiraa mbili, chini tutie kokoto ili maji yapate pa kukimbilia. Juu nitafunga fito na makuti, lakini nisizibe sana. Ua ukiuziba kabisa, upepo unakosa njia, unaubeba. Uache upumue.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa mtu kusema jambo la maana pale.

— Kimo? akauliza Futi Sita kwa sauti ndogo.

— Hicho sijui bado. Kwanza niambieni, ua huu ni wa nini?

— Wa nini vipi?

— Wa kuzuia nini? Kama ni mbuzi, kiunoni panatosha. Kama ni macho, upite kichwa. Kama ni mwizi, tutafute miba.

Wakatazamana. Siku tisa, kahawa madebe kwa madebe, na hilo hakuna aliyeliuliza.

— Ni wa mke wangu, alisema Hashil. Yeye ndiye aliyeutaka.

— Vizuri. Mwenyewe alisemaje?

Hashil akamwonyesha Revelian kwa kidevu. Revelian akasimama sawasawa kama mtu anayetoa salamu za serikali.

— Alisema hatarudi Kinondoni mpaka apate ua lake.

— Ua wa..., akaanza Futi Sita.

Fundi Mwinshehe akamnyamazisha kwa kiganja. Akamgeukia dereva, taratibu, bila dhihaka.

— Hebu kijana. Hilo "lake" ni la kwake, au ni la kwako?

Revelian akatazama kofia yake. Akamtazama Futi Sita, mwalimu wake wa mwaka mzima, na Futi Sita akatazama chini.

— Mie sijui, bwana, alisema. Nimesema kama nilivyosikia. Au nimesema kama ninavyosemaga. Kwangu yote ni sawa.

Mzee Sharubu alishika dele la kahawa hewani bila kumimina.

Hashil akakumbuka. Gerezani, kila Alhamisi akifunga duka, alipitia kwa yule bibi wa kona akamnunulia Wahiba asmini, kishada kimoja kimefungwa kwa uzi, akakileta ndani ya leso. Miaka sita. Wahiba alikipokea, akakitia nyweleni, hakusema neno, na Hashil naye hakusema. Kisha wakahama. Kinondoni Alhamisi zake zote ziliishia kwenye matofali, kwenye fito, kwenye mashimo. *Tangu tuje huku sijaona hata ua.* Naye akamwahidi komeo. Aliona haya, haya ya kutaka kuingia chini ya benchi akae pamoja na saruji.

Alisimama.

— Bwana Husseinali, ile asmini inayotambaa kwenye ua wenu, mama Zarin atakasirika nikichuma?

Husseinali hakuuliza kwa nini. Aligeuka akaita ndani, na mkewe akajibu kwamba achume, ila asivunje matawi. Hashil aliingia. Wakamsikia huko nyuma anaomba uzi. Alipotoka alikuwa ameshika leso imefungwa fundo moja, mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

— Sasa nipakie sanduku? akauliza Revelian.

— Sanduku liache. Pakia mie.

— Na kazi yangu? akauliza fundi.

— Chimba, fundi. Akirudi atataka pa kupikia. Upite kichwa, na uache upumue.

Alivuka njia akapanda mbele, karibu na dereva. Saa saba ilikuwa haijafika lakini hakuna aliyesema angoje. Lori likakohoa mara mbili, likawaka, na Revelian akatoa kichwa dirishani.

— Kaka Hashil, njia lina mashimo. Shika ua lako vizuri.

Hashil akaileta leso kifuani. Kule benchini Futi Sita alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa, akameza, hakumnyoosha.