Mama Futi, Aliyewapima Maskini

Wasikilizaji wapendwa, sauti ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa ya komeo. Kabla hakujapambazuka, komeo la mlango lilivutwa taratibu, krraa, ili baba asiamke. Mama na binti yake mdogo walikuwa wanakwenda misa ya kwanza.

Binti huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuja kuwa fundi wa nguo. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu futi, ule utepe wa kupimia, haukumtoka shingoni hata akienda kupokea komunyo.

Kwaresima moja, akiwa bado mtoto wa mafundisho ya komunyo, mama yake alimwambia achague gauni la kumpa mwenzake asiye na nguo. Akaleta lililochanika kwapani. Mama hakumfokea. Alilinyanyua dirishani, akalitazama.

"Hili hulitoi, mwanangu. Hili unalitupa. Umetafuta tu mtu wa kumtupia."

Binti alilia. Lakini alirudi chumbani, akaleta gauni lake la Jumapili.

Basi, neno hilo lilimkaa moyoni. Alipokuwa mtu mzima, parokia ilikusanya nguo kuukuu na kuwagawia maskini. Mama Futi hakubishana na mtu. Ila yeye alikuwa na utaratibu wake. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akapiga hodi, akasubiri aambiwe karibu, akapima. Kisha akashona nguo mpya.

Binti yake, ambaye naye ni fundi, anatuambia: "Nilikuwa nikimwambia, mama, utatufilisi. Ananijibu, kwani maskini hana kiuno?"

Wasikilizaji wapendwa, mtaani hapo kuna mzee mmoja mwashi. Zamani alijenga nyumba nyingi za pale. Kisha ugonjwa ukamkondesha, ikawa nguo ndizo zinazomvaa yeye. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na mzee alikataa kwenda. Hakutaka kuingia kanisani na suti ya kuazima. Mjukuu alimbembeleza, mzee akageukia ukutani.

Mama Futi akapiga hodi, binti yake nyuma.

"Mimi si ombaomba," mzee alisema, bado anatazama ukuta.

"Nani kasema unaomba? Simama nikupime."

"Na nikikataa?"

"Nitakukadiria kwa macho, halafu ukawavunje watu mbavu kanisani."

Mzee akasimama.

Siku alipopelekewa suti, aliivaa, akajitazama, akakunja uso.

"Bega la kushoto linanivuta. Na suruali inafagia sakafu. Fundi, ulishona umelala?"

Binti alijizuia. Walipofika nje ndipo alipolipuka. "Mtu kapewa bure, bado anachagua!"

Mama yake alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. "Wewe hukusikia? Ameniita fundi. Mtu akijiona maskini hushukuru tu, hata nguo imnyonge. Huyu analalamika. Huyu ni mteja."

Akalifumua bega, akapunguza suruali. Mzee akaenda harusini, akamshika mjukuu wake mkono mpaka mbele ya altare. Asante hakusema. Mama Futi naye hakuisubiri. Aliendelea kupita pale kila alipopata nafasi, na kila mara mzee alikuwa na kasoro mpya: kifungo, pindo, mfuko. Alizirekebisha zote.

Mama Futi alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa wanajumuiya waliosali naye, tunasema poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja. Tunapokwenda kwa mtu mwenye shida, je, tunamwachia nafasi ya kutukosoa?

Baada ya mazishi, binti alikwenda kwa mwashi kumpa habari, maana siku hizi mzee hatoki nyumbani. Alienda shingo upande, anasema mwenyewe. Mzee akamsogezea kiti. Wakazungumza habari za mjukuu, ambaye sasa ana mtoto mchanga. Binti alipoinuka, akauliza kama kuna nguo ya kurekebisha.

"Hakuna," mzee akasema. "Nguo zote ziko sawa tangu zamani. Lakini uje tena, mwanangu. Uje tu."