Shivachi na Santuri Yenye Jina la Mwenzake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Wewe unayepika, punguza moto. Wewe uliye na mgeni, mwambie naye asikilize. Leo tunamkumbuka Joshua Shivachi wa Mashimoni, Kibera. Mpiga gitaa, mwimbaji. Alizikwa Jumamosi iliyopita kwao Maragoli, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Najua kuna mtu hapo anauliza: Shivachi gani? Wapiga gitaa wote wa Nairobi nawajua, huyo simjui. Basi ngoja. "Kageha Fungua" unaujua? Ule uliopigwa kila harusi kuanzia mwaka wa sitini na tisa? Ehe. Utasema ni wa Muia. Hata sisi hapa studioni tumesema hivyo, tena mara nyingi. Si wa Muia. Ni wa Shivachi. Narudia: ni wa Shivachi.

Aliingia Nairobi mwaka wa sitini na tatu na sanduku la mbao na burashi mbili. Siku za kazi alipaka rangi nyumba za watu. Jumamosi alipiga gitaa katika baa moja ya Kawangware. Kando yake aliketi Muia, fundi viatu wa hapo hapo Kawangware, mtu wa Machakos, akigonga chupa ya soda kwa msumari. Kazi ya Muia ilikuwa chupa, basi. Kavetsa, dada yake Shivachi, ameniambia: "Muia akiimba, mwenye nyumba anamsamehe kodi ili ahame."

Sasa jina la Muia lilifikaje kwenye santuri? Mwaka wa sitini na nane Shivachi alitia sahihi na studio moja ya mjini. Miaka kumi asirekodi kwingine. Studio ikamrekodia wimbo mmoja, ikauweka kabatini. Mwaka uliofuata akatokea tajiri mwingine wa santuri, pesa mkononi siku hiyo hiyo. Shivachi akafanya walichofanya wengi: akaimba kwa jina la mwenzake. Santuri ikaandikwa Muia.

Wakaapa wawili hao. Mtu yeyote mwenye tai akija kuuliza, Muia aseme ni yeye aliyeimba. Asicheke, asisite. Shivachi akamfundisha hata ubeti wa kwanza.

Na Muia alikula matunda, tusidanganyane. Kawangware nzima ilimnunulia bia. Mkewe Mutheu alikuwa akiwaambia wenzake kioskini: "Mimi nimeolewa na sauti ya mtu wa Kibera." Siri ya watu mia mbili, wasikilizaji, lakini haikufika mjini.

Februari ya mwaka wa sabini na nane, jiko la mafuta ya taa lililipuka kwa jirani wa Shivachi kule Mashimoni, saa nane mchana. Vyumba ishirini viliungua. Shivachi alikuja mbio kutoka kazini, rangi nyeupe bado nyusini. Akamkuta mkewe Kageha amesimama njiani na mtoto wao Lenah, na godoro.

"Gitaa?" akauliza.

"Baba Lenah, mikono ni miwili. Mmoja ulikuwa na mtoto."

"Na wa pili?"

"Wa pili ulikuwa na godoro. Ungelalia gitaa?"

Kageha anasema ndilo neno analolijutia mpaka leo. Kwenye majivu Shivachi aliokota nyuzi tu. Santuri zake zilikuwa zimejikunja kama chapati.

Wakahamia kwa Kavetsa, Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, watu tisa chumba kimoja. Hapo ndipo tangazo liliposikika, kwenye redio hii hii. Kuna mfuko wa wahisani, ofisi yake mjini, kwa msanii yeyote aliyepatwa na moto au mafuriko. Utapewa pesa za kununua chombo chako na kodi ya miezi mitatu. Kavetsa alipiga kigelegele. Shivachi alikopa shati, akaenda Jumanne asubuhi.

Karani alikuwa mpole. Upole wa ofisi mnaujua.

"Lete ushahidi kwamba wewe ni msanii."

"Nitakupigia, mzee, usikie."

"Piga."

"Gitaa ndilo liliungua."

"Basi lete santuri yenye jina lako."

Shivachi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka tisa: akasema kweli yote. Wimbo ni wangu, jina ni la Muia, fundi viatu wa Kawangware. Karani akaandika, akasema atakwenda kumwuliza huyo Muia mwenyewe.

Shivachi alirudi Sarang'ombe akipiga mluzi. Hakwenda Kawangware kumwonya mwenzake. Nauli ilikuwa ya Jumamosi, na Jumamosi wangeonana. Na tuambiane ukweli, ni ofisi gani ya Nairobi husema itakuja, halafu ikaja kesho yake?

Hii ilikuja kesho yake.

Muia mwenyewe amenisimulia, na alikuwa haniangalii usoni. Anasema alikuwa akishona soli. Akaona viatu vinavyong'aa, akainua macho. Tai. Faili kwapani. Akajua ni wale wa studio ile ya miaka kumi, wamekuja kumfunga Shivachi.

"Wewe ndiye Muia wa 'Kageha Fungua'?"

"Ndiye mimi."

"Uliimba mwenyewe?"

"Kwani aliimba nani? Mke wangu?"

"Kuna Shivachi fulani anasema ni yeye."

"Shivachi? Yule wa kupaka rangi? Yule hajui hata kushika gitaa, mzee. Mwongo tu."

Na ili asiache shaka, akasimama na kiatu cha mtu mkononi, akaimba ubeti wa kwanza. Karani akaandika. Mwimbaji amepatikana. Anakaa Kawangware, moto haukumgusa. Aliyeleta maombi ni tapeli.

Jumamosi Muia akafika Sarang'ombe na kilo mbili za nyama, kifua mbele. "Buda, walikuja! Nimewafukuza vibaya sana!"

"Nani walikuja?" Shivachi akauliza.

Muia akaeleza. Hakuna aliyegusa nyama. Kageha anasema mumewe alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini hakucheka tena. Akasema tu, "Umenificha vizuri sana, Muia."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Muia aliomba, aliapa, alilia. Karani akafungua faili, akasoma, akaifunga.

"Jumatano ulisema ni wewe. Leo unasema si wewe. Nikuamini siku gani?"

"Niimbe tena, mzee, ujionee sijui!"

"Nimeshakusikia. Sauti huchakaa."

Pesa hazikutoka. Narudia: pesa hazikutoka. Majirani walichanga, wakaleta sufuria na blanketi, na kilichobaki kikaenda kwenye kodi. Gitaa halikununuliwa mwaka huo, wala uliofuata. Shivachi alipaka rangi mpaka kifua kikamkataa. Kijana akimwomba aimbe, alijibu, "Kamwulize Muia, wimbo ni wake." Miaka mitano hivyo. Halafu akafa.

Juma lile la matanga, watu wamejaa uani kwa Kavetsa, likaingia gari. Wale wa mfuko. Wameleta shada la maua, na kadi: Kwa msanii wetu mpendwa, Joshua Shivachi. Kageha akaisoma mara mbili, akamgeukia aliyeileta.

"Leo mmejuaje ni yeye?"

Yule bwana akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, baba. Hakuna fomu? Hamtaki santuri?"

Maua yalibaki uani, hakuna aliyeyapeleka Maragoli.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Kageha, kwa Lenah, kwa Kavetsa, tunasema poleni sana. Pole na kwako, Muia, ambaye baadhi ya watu hawakupi mkono siku hizi. Wakupe. Ulishika kiapo chako.

Na wewe uliyekalishwa kwenye kiti kugawa msaada wa watu, tafakari. Tangu Mashimoni hadi Kawangware, kila mtoto wa mtaa angekuambia nani aliimba. Uliuliza mtu mmoja tu, mwenye kila sababu ya kukudanganya, ukaenda kula chakula cha mchana.

Tunauweka wimbo sasa. "Kageha Fungua." Gitaa na sauti, Joshua Shivachi. Chupa, Muia.