Shangazi Aliyetufundisha Kuogopa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, daktari wetu wa mifugo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kifua kikuu. Sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi. Ukimwita daktari, anageuka kumtafuta anayeitwa.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Anachukua dawa za zamani zilizotengenezwa kwa maradhi mengine, za kisukari, za minyoo, anawapa panya walioambukizwa kifua kikuu, kisha anaangalia kama mapafu yao yanapata nafuu. Dawa nyingi zimemwangusha. Chache zimevuka hadi kujaribiwa kwa watu, na ilipovuka ya kwanza alicheza korido nzima akiwa na ndala. Tusidanganyane, Shangazi hajui kucheza.

Shida ni kwamba panya hao wanapumua, na sisi tunapumua. Ndiyo maana chumba chao kina milango miwili na feni inayonyonya hewa saa zote. Mbele ya mlango wa kwanza husimama Shangazi, akimtaka kila anayeingia aseme leo anaogopa nini. Ukisema barakoa haijakaa vizuri, mnairekebisha. Ukisema umeachwa na mchumba na akili haipo, unapewa vyombo vya kuosha. Ukisema huogopi kitu, huingii. Mtafiti mmoja mgeni, mwenye kifua mbele, alirudishwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikiri kwamba anamwogopa Shangazi. Akaruhusiwa.

Mwaka juzi feni ilizimika tukiwa ndani, yeye na mimi. Ule ukimya, jamani! Panya alikuwa mkononi mwangu, nje ya kizimba. Shangazi alimchukua taratibu, akamrudisha, akafunga, akanishika bega tukatoka. Alipokuja kuvua barakoa yake akaona mkanda mmoja umelegea. Huenda alikuwa amevuta hewa ya mle, akaenda moja kwa moja kujiandikisha kwa vipimo.

Wiki hiyohiyo alizaliwa mjukuu wake wa kwanza. Shangazi alimtazama kupitia dirisha. Alijua vizuri kwamba kuambukizwa si sawa na kuambukiza, lakini kwa kichanga hakutaka kubahatisha. Mkwewe alidhani anamkataa mtoto, na maneno yakawa mengi nyumbani. Miezi yote ya kusubiri vipimo tulimwona akikonda. Majibu yalipotoka safi, aliacha chai mezani na mkoba kwenye kiti, akaenda kumpakata mtoto. Mkoba nilimpelekea mimi.

Jana alinikabidhi funguo za chumba. Nikamgeuzia swali lake: yeye anaogopa nini? Akasema anaogopa tutazoea. Anaogopa kwamba siku moja tutaingia mle tukipiga soga, na yeye atapigiwa simu akiwa na mjukuu mapajani.

Shangazi, asante kwa mapafu yote yaliyorudi nyumbani salama, yangu yakiwemo. Nenda ukampakate yule mtoto mpaka mikono iume. Uishi miaka mingi, na yote iwe mitamu.

Jumatatu nitasimama mlangoni bila wewe. Naogopa, Shangazi, naogopa kweli kweli. Kwa hiyo nitaingia.