Moduli Maalumu za Bi Ghaniya

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, mlio Sur, mlio Nizwa na kwengineko hapa Oman. Leo tunamkumbuka Bi Ghaniya binti Harub, mwalimu wa hesabu, aliyezikwa Ibra wiki iliyopita. Mwalimu wa hesabu, narudia, na mkali kweli kweli.

Wazee wake walitoka Pemba. Yeye kazaliwa Ibra, kasomesha Nizwa. Kazi yake msinihoji sana. Chukua fomula, uzizungushe, uzigeuze. Zile zisizobadilika hukusanywa, na mkusanyo huo wataalamu huuita pete. Juu ya pete kuna moduli, yaani makundi yanayojengwa kwa pete hiyo. Nyingi ni za kawaida, chache ni maalumu. Bi Ghaniya alitaka kuonesha namna ya kuzitambua hizo chache. Umri wake wote, hilo tu. Darasani kosa la mwanafunzi lilitajwa mbele ya wenziwe. Wengi walitoka wakilia, naye hakumtaka mtu radhi.

Mwaka jana alimaliza uthibitisho wake, akaugua. Kwetu mgonjwa haambiwi maradhi yake, mnajua. Ndugu zake wakamwambia ni vidonda vya tumbo, naye akaamini ana muda. Akampa Maram, mwanafunzi wake, kazi ile aipitie. Mwezi wa Ramadhani Maram akaona tundu: hoja ilisimama pale tu pasipo na mgeuzo wa kioo, ule wa kulia kuwa kushoto, na katikati mgeuzo huo ulikuwa umeingia. Akamwendea Hashil, kaka wa mgonjwa. Hashil katuambia mwenyewe: "Nlimwambia, mwache dada'angu afurahi. Mgonjwa hashughulishwi." Maram akanyamaza.

Mkono wa Bi Ghaniya ulipokuwa haushiki tena kalamu, alimwita Maram. Jamaa wote wamekaa, wanakunywa kahawa. Akamuuliza kama kazi ile imesimama, akataka jibu mbele yao, kama darasani. Maram akalitaja tundu lile.

"Umeliona lini?"

"Ramadhani, mwalimu."

"Ramadhani nlikuwa na mkono," akasema Bi Ghaniya. "Ningeliziba. Mmenifanya maiti kabla ya siku zangu, na wewe mmoja wao."

Akageukia ukutani. Hakumsemesha Maram tena mpaka kufa. Matangani Hashil akamzuia Maram mlangoni, eti yeye ndiye aliyemuua dada yake.

Tundu lile halijazibwa hadi leo. Poleni jamaa wa Bi Ghaniya, Mungu amrehemu. Pole na wewe Maram, najua unatusikia. Na nyinyi, wasikilizaji wapendwa, mlio na mgonjwa ndani, fikirini anachokuulizeni kila siku na mnachomjibu. Kisha zimeni redio, mwende mkamjibu.